Sera Iliyokula Nguruwe wa Mchungaji

Ukitaka kujua namna ya kulinda samaki, humuulizi paka. Serikali yetu ya Samoa ilitaka kujua namna ya kuzuia watoto wasigeuke wahalifu, ikaja kuwauliza machifu wa kijiji chetu, Fagatolu.

Mimi naitwa Fuatino. Ni mwenyekiti wa kamati ya wanawake, na kwenye kile kikao niliingizwa kwa sababu wizara ilisema lazima awepo mwanamke. Machifu walitafuta mwanamke mpole, hawakumpata, wakanichukua mimi. Nikakaa penye nguzo ya nyuma, nikakunja miguu, na mdomo wangu nikaja nao.

Aliyetumwa na wizara alikuwa binti wa Apia, mji mkuu, anayeitwa Lagimaina, mwenye miwani mikubwa na sauti ndogo. Alieleza vizuri, sina ugomvi naye. Alisema watoto wanavunja maduka, wanapiga magari mawe, wanavuta bangi, na kuwafunga hakusaidii, kwa hiyo inatakiwa sera ya kuwawahi kabla hawajaharibika. Fagatolu itaiandika na kuijaribu. Ikifaa, itakwenda nchi nzima.

"Kwa hiyo wazee wangu, tuanze na chanzo," akasema. "Watoto wanaharibiwa na nini?"

"Simu," akajibu mmoja.

"Muziki," akasema mwingine.

"Mama zao," akasema Lemautu, akanitazama mimi.

Lemautu ndiye msemaji wa baraza letu. Akishika fimbo yake na usinga wake akaanza kuhutubia, kuku hupanda kulala wakidhani jua limekuchwa. Siku hiyo alianzia kwenye safari za mababu, akazunguka visiwa vyote, akatua kwenye samaki mkunje angali mbichi, na mwisho akalitoa lililomleta: mtoto akikosea, familia yake itoe nguruwe. Akirudia, itoe nguruwe mkubwa zaidi.

"Na huyo nguruwe anakwenda wapi?" nikauliza.

Machifu wakaanza kuchunguza mkeka waliokalia.

"Nauliza tu jamani. Mgeni wetu hajui, mwelezeni."

"Anakuja barazani," akasema Lemautu. "Ndiyo desturi."

"Halafu?"

"Halafu nini, we Fuatino? Ulitaka tumfuge?"

"Mnamla," nikasema. "Mtoto akiiba, nyie mnashiba. Sasa watoto wote wakitulia, wakawa malaika watupu, mtakula nini humu ndani? Mtakula sera?"

Lagimaina akainama kutafuta kalamu ambayo alikuwa ameishika mkononi. Machifu hawakucheka. Kaka yangu akakohoa.

Kaka yangu ni Taulago, chifu mkuu wa Fagatolu. Kwetu mwanamume humheshimu dada yake kuliko mtu mwingine yeyote, hata awe chifu wa machifu, na ndiyo maana baraza zima huniogopa kidogo. Wanajua nikimkunjia uso Taulago, shughuli imekwisha. Lakini siku hiyo hakutaka kabisa macho yake yakutane na yangu, na sababu naijua. Midomo ilikuwa inazungumzia watoto wa nchi nzima, ila kila aliyekaa pale alikuwa na mtoto mmoja tu kichwani, na mtoto huyo ni wa kwetu.

Sieni ni mjukuu wa kike wa Taulago. Ana miaka kumi na minne na miguu mirefu isiyotulia. Wazazi wake wako Auckland wanafungasha nyama kiwandani, naye amebaki kwa babu yake, ingawa kulala analala kwangu kila anapogombezwa, yaani karibu kila siku. Kosa lake la kwanza alirusha mawe juu ya bati la duka mpaka mwenye duka akatoka na ndala mguu mmoja. La pili ndilo lililomwasha Lemautu. Saa ya sala ya jioni, gunda limeshapulizwa, watu wote wako ndani wamefumba macho, Sieni alimfungua farasi wa Lemautu akampeleka mbio mpaka ufukweni, huku anaimba. Farasi naye alionekana kafurahi, na nadhani hilo ndilo lililomuuma mzee zaidi.

"Kosa la tatu," akasema Lemautu, akiigonga sakafu kwa fimbo, "mtoto aondolewe. Apelekwe nyumba ya marekebisho, Apia, akae huko mpaka afike miaka kumi na minane."

Ile nyumba tunaijua. Kijana wa kijiji jirani alipelekwa kule akiwa mwizi wa ndizi, akarudi anajua kuwasha gari bila ufunguo.

"Wazee wangu," akasema Lagimaina, "kuwatoa watoto nyumbani ndilo hasa wizara inalotaka kulikwepa."

"Wizara imekuja kutuuliza au kutuambia?"

"Kuwauliza, mzee."

"Basi ndiyo tunajibu. Na uongeze hivi: familia ikienda kuomba radhi kwa kupiga magoti chini ya mkeka mbele ya aliyekosewa, na radhi ikapokelewa, basi kosa limekubaliwa, lihesabiwe. Watu wanapiga magoti asubuhi, jioni wanasema mtoto wao hakufanya kitu. Mchezo huo uishe."

Nikamtazama kaka yangu. Sema neno basi, we mzee. Taulago akaitikia kwa kichwa. Chifu hatetei wa kwake mbele ya baraza, ndiyo ada, lakini haki ya Mungu kama asingekuwa mbali ningempiga teke. Baraza likaamua kwamba kwa ajili ya farasi, Taulago atoe nguruwe mkubwa ifikapo Jumamosi, siku ya kuipitisha sera.

Jumamosi nguruwe akaja. Vijana walimpika kwa mawe ya moto tangu alfajiri, na alipofunuliwa, hata Lagimaina, aliyekuwa amesema hali nyama, aliomba kipande. Mguu akapewa Lemautu, kama wanavyopewa wasemaji. Mgongo akapewa Taulago, naye akaupapasa tu kwa vidole akausukuma pembeni. Nikadhani ni meno. Mimi nilikula, siwezi kudanganya, ngozi yake ilikuwa inavunjika mdomoni. Sera ikapitishwa na karatasi zikapigwa sahihi zikiwa zimelowa mafuta pembeni.

Jumapili Mchungaji Elisara akarudi kutoka mkutano wa kanisa kwenye kisiwa cha Savai'i, akakuta zizi lake tupu. Alikuwa amemnenepesha nguruwe mmoja kwa ajili ya sherehe ya kanisa jipya, nguruwe mkubwa ambaye watoto walikuwa wanakwenda kumtazama. Mke wake alimwona Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi hayupo, akadhani katoroka. Basi mchungaji akapanda mimbari akatuhubiria usiibe mpaka watoto wachanga wakalia. Na shingo zote, moja baada ya nyingine, zikageukia benchi letu.

Sieni alikuwa amekaa kando yangu, shavu limevimba.

Kabla baraka haijatolewa, Lemautu akasimama. Kanisani, jamani! "Kaka zangu na dada zangu, wote tunamjua nani anafungua wanyama wa watu usiku. La tatu hilo."

"Koma!" nikasema. "Ijumaa usiku kucha huyu mtoto alikuwa kwangu, jino linamuuma. Nimemkanda shavu na chumvi ya moto mpaka jogoo wanawika."

"Bibi kumtetea mjukuu, kuna ajabu gani?"

Watu wakaguna, guno la kukubaliana naye. Nilitoka na Sieni nikiwa nimemshika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

"Bibi, watanipeleka?"

"Akupeleke nani? Wanizike kwanza."

Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, lakini nilikuwa naogopa. Sera imeshapitishwa. Mchungaji akishtaki, na baraza likisema ni yeye, ushahidi wangu ni wa bibi tu.

Jumatatu asubuhi na mapema nikasikia vilio vya wanawake barabarani. Nikatoka na kanga begani. "Mama Fuatino, kimbia! Taulago yuko chini ya mkeka!"

Nilikimbia. Mbele ya nyumba ya mchungaji, juu ya changarawe, kulikuwa na mkeka umefunika mtu aliyepiga magoti. Mkeka wenyewe ni ule mkubwa wa familia, laini kama hariri, aliousuka bibi yetu, ambao tunautoa akifa chifu tu. Mbele yake kuni na mawe. Hiyo ndiyo ifoga. Maana yake: nimekukosea, mimi huyu hapa, na kuni hizi hapa, ukitaka nipike. Aliyekosewa akitoka akauinua mkeka, yamekwisha, na hakuna mtu atakayeuliza tena milele.

Lakini ifoga ni ya damu. Ni ya mtu kaua mtu, au kijana kamtoa mtu damu. Tangu nizaliwe sijaona ifoga ya nguruwe, na nilipomwona kaka yangu pale, chifu mzima, kwa ajili ya kitoweo, nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa.

Machifu walikuwa wameshaketi pembeni kimya. Lagimaina alikuwa ameshuka kwenye gari la wizara, maana siku hiyo ndiyo tulikuwa tunaizindua sera. Akanijia mbio.

"Mama, amesema ameomba radhi kwa niaba ya mjukuu wake. Mchungaji akiinua ule mkeka, kosa la Sieni limekubaliwa. La tatu. Mimi sina uwezo wa kulifuta, ni baraza tu, na lazima wakubaliane wote."

"Na Sieni mwenyewe yuko wapi?"

Alikuwa chini ya mshelisheli, kavaa sare ya shule, begi mgongoni. Hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Hakuniuliza," akasema. "Babu hata hakuniuliza."

Mchungaji akatokea mlangoni, anafuta mdomo, macho yameshalainika. Ni mtu mwema, na watu wema ni hatari asubuhi. Nikaona anashuka ngazi. Basi nikafanya ambalo mwanamke hafanyi: nikainua pindo la mkeka, nikaingia chini, nikapiga magoti kando ya kaka yangu. Nje nikasikia machifu wanapiga kelele.

Ndani kulikuwa na giza la njano na joto la kuokea mkate.

"Toka, Fuatino," akanong'ona.

"Sitoki. Mtoto alikuwa kwangu Ijumaa."

"Najua."

"Unajua?"

"Mkeka ukiinuliwa yamekwisha, dada. Hakuna atakayeuliza tena. Ndiyo desturi."

"Yamekwisha kwa nani? Mkeka ukiinuliwa, Sieni anapelekwa Apia!"

"Nani kasema?"

"Sera imesema! Hiyo hiyo uliyoiitikia kwa kichwa kama mjusi ukutani! Lemautu alisema radhi ikipokelewa kosa lihesabiwe, na wewe ukaitikia."

Nikasikia pumzi inamkatika. "Sikuwa nasikiliza," akasema. "Nilikuwa nafikiria nitampata wapi nguruwe."

Hapo nikaukumbuka ule mgongo aliousukuma pembeni.

"Kaka. Yule wa Jumamosi."

Akainamisha kichwa.

"Taulago. Tumekula nguruwe wa nani?"

"Zizi langu tupu," akasema. "Mmoja alikwenda kwenye msiba, wa mwisho akaenda kwenye mawe ya dukani. Baraza linangoja. Mchungaji hayupo. Nikasema nitatafuta mwingine nimrudishie kabla hajajua."

"Ungeniomba mimi!"

"Chifu aende kwa dada yake kuomba nguruwe?"

"Ukaona bora ukaibe kwa mtumishi wa Mungu."

"Punguza sauti."

"Halafu ukamsingizia mtoto."

"Nilidhani akishasamehewa haidhuru," akasema. "Yeye ni mtoto. Makosa yake watu wameyazoea. Mimi wakijua, Fuatino, mimi nitaweka wapi uso?"

Nilimfinya. Nilimfinya kwenye paja kwa kucha, kama nilivyokuwa nikimfinya tukiwa wadogo, naye hakusema hata ai. Nilimpenda kaka yangu na nilimchukia, yote kwa wakati mmoja, humo humo ndani ya lile joto, na machozi yakanitoka bila ruhusa.

Nikaona vidole vya mchungaji vimeshika pindo. Akavuta. Nikavuta kwangu.

"Mama Fuatino, achia," akasema mchungaji. "Nimesamehe."

"Usisamehe bado! Hujui unachosamehe!"

"Mwanamke huyu kachanganyikiwa," nikamsikia Lemautu. "Mtoeni."

"Anayenitaka aje anitoe mwenyewe!" nikasema. Hakuna aliyekuja. Mchungaji akavuta tena, nikavuta tena, mpaka nikaogopa mkeka wa bibi utachanika. Nikamgeukia kaka yangu. "Utasema au niseme mimi?"

Nilijua kwamba sitamsamehe nikilisema mimi. Halafu akasafisha koo, na ile sauti yake ya barazani ikatoka chini ya mkeka.

"Mchungaji Elisara. Sikuja kwa kosa la mjukuu wangu. Mjukuu wangu hajaiba. Nguruwe wako nilimchukua mimi."

Wasamoa tunapenda kelele. Asubuhi ile hata mbwa walinyamaza.

"Wewe?" akauliza mchungaji. "Na yuko wapi sasa?"

"Amelipa faini."

Nikachungulia. Machifu walikuwa wanatazamana. Mmoja akauliza polepole, "Yule wa Jumamosi?" Mwingine akasema, "Yesu wangu, na nilirudia." Lemautu alikuwa ameshika tumbo kwa mkono mmoja, na Lagimaina amevua miwani anaifuta ingawa haikuwa na kitu.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, eeh?" nikawaambia kutoka chini ya mkeka. "Mmekaa hapo mnaandika namna ya kukomesha wizi, na wizi wenyewe mnautafuna!"

Mchungaji akachuchumaa. Alikuwa kapauka. "Taulago," akasema, "ungeniambia, ningekupa. Ni nguruwe tu." Kisha akashika tena pindo. "Nimesamehe. Mama, sasa achia."

"Kwa nguruwe umesamehe, Mungu akubariki. Lakini mkeka hauinuki. Aliyekosewa zaidi hajasema."

Nikatoka, nikasimama, nikanyoosha kidole kwenye mshelisheli.

Lemautu akaruka kana kwamba kaumwa na siafu. "Chifu mkuu apige magoti mbele ya mtoto? Tena wa kike? Haijapata kuwa!"

"Na chifu kumtwika mtoto wizi wake, hiyo imepata kuwa?"

Sikungoja jibu, maana mkeka ulianza kutembea. Taulago alikuwa anageuka kwa magoti, humo humo ndani, anatambaa juu ya changarawe kuelekea kwa Sieni. Ilikuwa vibaya kumwona. Ana miaka sabini na mgongo mbovu. Wanawake wakaanza kulia na mimi nikalia nao, na mtu angeniambia nimzuie ningemzuia, lakini hakuna aliyeniambia. Akafika mbele ya viatu vya mtoto, akainama mpaka mkeka ukagusa ardhi.

Sieni alimtazama. Shavu lake bado limevimba upande mmoja. Akatutazama sisi wote, taratibu.

"Kengele ya shule imelia," akasema.

Akalikaza begi, akaenda zake.

"Sieni!" nikamwita.

"Nikirudi, bibi."

Basi hapo tukakwama. Aliye chini ya mkeka hainuki mpaka ainuliwe, na baraza haliwezi kumwacha chifu mkuu amepiga magoti peke yake. Jua likapanda. Machifu wakakaa wamekunja miguu, jasho linawatiririka, mtu hathubutu hata kwenda chooni. Mimi nikawa nampitishia Taulago maji kwa kifuu chini ya pindo. Mke wa mchungaji akauliza kama aandae chochote.

"Nyama ya nani?" nikasema, akarudi jikoni.

Ikawa Lagimaina, Mungu amzidishie, aliyetoa karatasi zake. "Wazee wangu, kwa kuwa tunangoja, mnaonaje tukivirudia vifungu?"

Nimekaa vikao vingi, lakini sijawahi kuona machifu wakifanya kazi namna ile. Hapakuwa na safari za mababu. Faini ya nguruwe ilifutwa kabla hajamaliza kuisoma. Familia yenye shida itasaidiwa na baraza, wakakubali. Mtoto aliyeharibu kitu akitengeneze yeye na aliyemharibia, wakakubali. Walipofika kwenye kosa la tatu, Lemautu akagoma.

"Hicho hakiguswi," akasema. "Nguruwe tumekosea, sawa. Farasi je? Farasi wangu alipandwa au hakupandwa?"

"Alipandwa," akasema Lagimaina.

"Haya. Mtoto huyo kesho atakosea tena. Tumfanye nini?"

"Tuanze kwa kumuuliza, mzee."

"Tumuulize nini?"

"Kama amefanya. Na kama amefanya, kwa nini."

"Na asipojibu?"

"Je, wewe umeshawahi kumuuliza?"

Lemautu akapuliza pua. Mtoto kuulizwa maswali na wazee! Machifu wenzake wakambembeleza, mchungaji akambembeleza, naye akakaza shingo. Kifungu kikabaki palepale, na kikibaki, siku Sieni atakapoteleza tu, gari la kwenda Apia litakuja. Nilikuwa nimechoka sana mpaka nikakosa hata tusi.

Alasiri tukamwona Sieni anakuja barabarani na wenzake. Wenzake wakasimama mbali. Yeye akaja moja kwa moja, akaweka begi chini, akachuchumaa, akauinua mkeka.

Kaka yangu alikuwa na uso mwekundu, umekunjamana, umelowa. Alizeeka mle ndani. Akafumbua macho kwa taabu.

"Nimekukosea, mwanangu," akasema.

"Ungeniuliza tu, babu."

"Ningekuuliza."

"Ningekwambia nguruwe tuombe kwa bibi. Mimi siogopi kumwomba bibi."

Akamshika chini ya kwapa, akamsaidia kusimama, magoti yake yanalia. Watu wakashusha pumzi. Machifu wakaanza kujinyoosha, mmoja ameshageukia jikoni kunusa, mimi nikadhani yamekwisha.

Sieni hakuwa amemaliza. Aliukunja ule mkeka mara mbili kifuani mwake, akapita katikati ya machifu, jambo ambalo mtoto hafanyi, akasimama mbele ya Lemautu.

"Mzee," akasema, "farasi wako nilimpanda. Nilikosa. Nikamtimua mpaka akatoka povu, na sikukuomba. Nisamehe."

Lemautu akatikisa kichwa kidogo, bila kumtazama.

"Lakini nguruwe sikuiba. Na wewe ulisimama kanisani ukasema nimeiba, watu wote wanasikia." Akauweka mkeka mapajani mwa mzee. "Huu hapa."

Lemautu akafungua mdomo. Yule mtu anayeweza kuhutubia kutoka kifungua kinywa mpaka chakula cha mchana, safari hii hakikutoka kitu. Akamtazama Taulago. Taulago akamtazama. Akamtazama mchungaji, mchungaji akatazama mawe na kuni. Akanitazama mimi mwisho, na mara ya kwanza nikaona kwamba mzee anaogopa, si kwa ajili ya heshima yake tu, bali kama mtu asiyejua kazi anayotakiwa kufanya inafanywaje.

"Binti wa wizara," akasema. "Kifute kile kifungu cha kosa la tatu."

Akaweka fimbo chini. Akaweka usinga juu yake. Nikamshika kiwiko kumsaidia kupiga magoti, maana ni mabovu kuliko ya kaka yangu, kisha mimi na Sieni tukamfunika.